Utoaji mimba salama: kwa nini jibu la mwanafunzi wa afya hubadilika swali likibadilika

Muulize mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, awe Nairobi au Dar es Salaam, kama anaunga mkono utoaji mimba. Wengi watasema hapana kabla hujamaliza swali. Kisha muulize huyohuyo atafanya nini akipokea mwanamke ambaye mimba imetunga kwenye mrija, mrija umepasuka, tumbo limejaa damu na presha ni 80 kwa 50. Atakutajia bila kusita: kanula mbili kubwa za kupitishia maji mshipani, damu ipimwe kundi, chumba cha upasuaji kiandaliwe. Mwambie basi ameshakubali mimba ikatishwe, naye atakuruka: hiyo si kutoa mimba, hayo ni matibabu.

Kitabibu hajakosea. Ila sheria ya nchi yake, akiwa Mkenya, haikuchora mstari pale alipouchora yeye. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinaiweka mimba ya nje ya mfuko wa uzazi, mimba zabibu (ile isiyokua kuwa mtoto) na hali yoyote inayozidishwa na ujauzito hadi ikahatarisha uhai au afya ya mama katika fungu moja, kama mambo ambayo mwanamke ana haki ya kutibiwa na mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Mwanafunzi anakubali mwanzo wa sentensi na kuukataa mwisho wake, na mara nyingi hajawahi kuisoma sentensi yenyewe.

Ndiyo maana kuzungumzia "msimamo wa wanafunzi" kana kwamba ni kitu kimoja kunatupotosha. Ndani yake mna maswali matano yaliyofungwa furushi moja. Sheria iruhusu au isiruhusu? Ikiruhusu, kwa sababu zipi: kubakwa, ugonjwa wa moyo, umri wa miaka 13, umaskini? Mimi mwenyewe niko tayari kuifanya kazi hiyo? Kama siko tayari, nitamwelekeza mgonjwa kwa aliye tayari? Na akija aliyekwisha kuitoa kwingine, anavuja damu na ana homa, nitamhudumia ipasavyo? Mtu mmoja anaweza kujibu hapana kwa la kwanza na ndiyo kwa la tano, na huyo ndiye utakayemkuta mara nyingi zaidi. Mwingine anajibu ndiyo kwa la kwanza, kwa sauti, darasani, lakini la tatu likimfikia anakumbuka kwamba ana miadi mahali.

Hojaji inapima nini hasa?

Tafiti nyingi za misimamo hutumia kauli ambazo mwanafunzi anazipa alama, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Kipimo kimoja kinachotumika sana barani Afrika, SABAS, kilitokana na kazi iliyofanywa Ghana na Zambia na kikachapishwa 2014. Kina kauli 18 katika mafungu matatu: dhana mbaya kuhusu mwanamke aliyetoa mimba, kumtenga na kumbagua, na hofu kwamba atawaambukiza wengine tabia au maradhi. Kila kauli ina alama 1 hadi 5, hivyo jumla ni kati ya 18 na 90, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo unyanyapaa ulivyo mkubwa.

Kipimo ni kizuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kupima unyanyapaa katika jamii. Ukikipeleka chuo cha uuguzi kitakwambia mwanafunzi anamwonaje mwanamke huyo. Hakitakwambia kama anajua kutofautisha mimba iliyotoka yote na iliyobaki vipande, wala kama atampa dawa ya maumivu. Mwenye alama 25 anaweza kuwa hana lolote analojua kufanya. Mwenye 60 anaweza kuwa mkunga hodari anayemhudumia kila anayeletwa usiku wa manane huku moyoni ananung'unika.

Halafu kuna mtego wa lugha, ambao watafiti wengi wanaofasiri hojaji kutoka Kiingereza hawauoni. "Kutoa mimba" kwa Kiswahili kunaweza kuwa tendo la mwenye mimba au la anayemsaidia. Andika "Je, unaweza kutoa mimba?" na utakuwa umewauliza wasichana wa darasa jambo moja na wavulana jambo jingine. Wasichana wengi watalisikia kama swali kuhusu miili yao, na jibu lao litakuwa la kujilinda. Swali lisiloteleza ni refu: "Mgonjwa akistahili kisheria kukatishiwa mimba, na wewe umefunzwa na una leseni, utampa huduma hiyo kwa mkono wako?" Ukilitenga pia na lile la "utamwelekeza kwa mwenzako?", majibu yanaanza kuwa na maana.

Mtego wa pili uko kwenye mafaili. Neno la kitabibu la Kiingereza linaloandikwa humo, "abortion", hubeba mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa, yote mawili. Kiswahili kinatofautisha: mimba imetoka, imeharibika, ametoa, ameavya. Mwanafunzi anapofasiri faili kwa ndugu wa mgonjwa huchagua neno, na kwa kulichagua ametoa hukumu. Mama aliyepoteza mimba aliyoitamani kwa miaka minane anaweza kuondoka hospitali akidhani ameshtakiwa.

Sheria ambayo hawakufundishwa

Wanaoulizwa kwa nini hawataki kutoa huduma hii hutaja dini kwanza. Ukikaa nao zaidi, linalowakaa rohoni ni polisi. Na hofu hiyo kwa kiasi kikubwa inatokana na kuijua nusu ya sheria.

Nusu inayojulikana ni Kanuni ya Adhabu. Kenya, vifungu vya 158, 159 na 160 vinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, 7 kwa mwanamke mwenyewe na 3 kwa anayempatia dawa au vifaa. Tanzania Bara ina vifungu vya 150, 151 na 152 vyenye miaka ileile, kwa kuwa vyote vimetoka tumbo moja: sheria ya kikoloni ya Mwingereza. Maneno "kinyume cha sheria" yamo humo tangu mwanzo, nayo maana yake ni kwamba ipo namna isiyo kinyume cha sheria.

Nusu ya pili, kwa Kenya, ni Katiba ya 2010. Ibara ya 26(4) inasema utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ibara ni fupi, lakini kila neno linafanya kazi. "Maoni" ni ya mtaalamu mmoja. "Mtaalamu" si lazima awe daktari bingwa: Sheria ya Afya ya 2017 inataja daktari, muuguzi, mkunga na klinikal ofisa (afisa tabibu), mradi amefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito na ana leseni. Na "afya" katika sheria hiyohiyo ni hali njema ya mwili, akili na maisha ya kijamii, si kukosa ugonjwa tu.

Hata hivyo, bado utawasikia wanafunzi wakisema panahitajika sahihi za madaktari wawili, mmoja wao wa akili. Hayo ni mabaki ya desturi ya kabla ya 2010, yenye mizizi katika kesi ya London ya 1938. Daktari aliyeitwa Aleck Bourne alimkatishia mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa, akashtakiwa na kuachiwa, kwa kuwa jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa uhai hakutengani kabisa na kumwokoa mtu asivunjike mwili na akili. Madaktari wa makoloni wakaanza kutafuta maoni ya pili ili kujikinga. Katiba ikabadilika, imani ikabaki kwenye kumbi za hospitali, ikirithishwa na wakubwa kwa wadogo pamoja na namna ya kufunga fundo.

Kwa nini haikusahihishwa? Hapa serikali yenyewe ina mchango. Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa miongozo ya kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama mwaka 2012. Desemba 2013 ikaiondoa. Februari 2014 ikatoa waraka ukiwaonya wahudumu wasihudhurie mafunzo ya utoaji mimba salama. Aliyeingia chuo mwaka huo akasoma miaka mitano au sita alimaliza bila mwongozo, na walimu wake waliokuwa tayari kufundisha walijua wanaweza kuulizwa. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwa miongozo na kuzuia mafunzo kulikuwa kinyume cha sheria. Kesi ilihusu msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, akazungushwa kituo hadi kituo bila kupata huduma kamili, figo zikafeli, akafariki 2018. Mama yake aliamriwa alipwe shilingi milioni 3. Wanafunzi wanaosoma kesi hiyo kwa ukamilifu hushtushwa zaidi na mzunguko ule wa rufaa kuliko hoja za mawakili, maana hapo wanajiona wenyewe: zahanati, kituo, hospitali, na kila mahali mtu mwenye koti jeupe asiyejua la kufanya.

Hukumu nyingine ilitolewa Malindi Machi 2022, ikilaani kukamatwa kwa msichana na klinikal ofisa aliyemhudumia. Ilikatiwa rufaa, kwa hiyo mwalimu anayeifundisha kama neno la mwisho anawadanganya wanafunzi wake.

Ukivuka mpaka, mambo ni mengine, na hapa pana kosa linalozidi kuenea: slaidi za chuo cha Kenya husafiri kwa WhatsApp hadi Mwanza na Arusha, na mwanafunzi wa Tanzania anazikariri kama zake. Tanzania haina ibara kama ile ya 26(4). Ina kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, ili kuokoa uhai wa mama. Iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, lakini kuridhia mkataba na kuuingiza kwenye sheria za nchi ni mambo mawili. Kenya yenyewe iliiridhia 2010 huku ikiweka pingamizi juu ya ibara ya 14(2)(c), ile inayohusu mimba za kubakwa, za ndugu wa damu na zinazohatarisha afya. Mwanafunzi wa Goma yuko mahali pengine kabisa: Kongo ilitangaza Itifaki hiyo katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018. Jirani yake wa Rubavu, Rwanda, ana sheria ya 2018 na amri ya waziri ya 2019 zinazoorodhesha sababu, zikiwemo kubakwa, kuozwa kwa nguvu na mimba ya mtoto. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mwendo wa miguu.

Wodini ndiko msimamo unakofundishwa

Lipo jambo moja lisilo na utata popote katika nchi hizi: aliyekuja mimba imekwisha kuharibika, kwa namna yoyote ile, anatibiwa. Hata Tanzania, hata Kenya ya miaka ya waraka. Inaitwa huduma baada ya mimba kuharibika, na hakuna mwanafunzi wa tiba atakayeikwepa. Makadirio ya Kenya kwa mwaka 2012 yalikuwa mimba zipatazo 465,000 zilizotolewa, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa madhara yake vituoni. Kwa Tanzania mwaka 2013, makadirio yalikuwa mimba 405,000 na wanawake 66,600 waliopata huduma. Kwa hiyo swali la tano, lile la mwisho kwenye furushi, ndilo la kwanza kumkuta mwanafunzi, tena kabla hajajiandaa.

Tazama linavyomkuta. Saa nne usiku, wodi ya magonjwa ya wanawake, vitanda vimeshikana. Binti wa miaka 19, wiki kama 10, anavuja. Muuguzi wa zamu anauliza kutoka mezani kwake, mita tano: "Umetumia nini?" Wodi nzima inanyamaza kusikiliza. Binti anasema hajatumia kitu. Mwanafunzi anatumwa akamuulize tena, na tena, na hakuna anayeandaa chombo hadi akiri. Kitabibu, jibu lina faida ndogo. Kama kuna kijiti kimeingizwa au sumu imenywewa, uchunguzi wa tumbo na wa ukeni, joto na mapigo ya moyo vitakuelekeza, na swali lile likiulizwa kwa sauti ya chini nyuma ya pazia litajibiwa mapema. Kama ni vidonge vya misoprostoli, damu na maumivu yatafanana na ya mimba iliyotoka yenyewe, na matibabu ni yaleyale. Katika dakika 40 za maswali hayo mwanafunzi amejifunza kwamba ungamo linatangulia matibabu. Hakuna somo la maadili litakalofuta hilo kwa urahisi.

Pili anajifunza kuhusu maumivu. Kufyonza mfuko wa uzazi kwa sirinji ya mkono bila ganzi kunauma, na sababu zinazotolewa za kuacha ganzi ni mbili: "ni dakika tano tu" na, kwa sauti ya chini, "akumbuke". Ya pili ni adhabu, na kuiita kitu kingine ni kujidanganya. Ganzi ya kuzunguka mlango wa kizazi ni mililita 20 za lidokeini ya asilimia 1, bila kuzidi miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mgonjwa. Hesabu hiyo inafaa kufanywa kweli: msichana wa kilo 40 anafikia kikomo kwenye mililita 18. Ongeza ibuprofeni aliyoimeza dakika 30 hadi 45 kabla, na mtu mmoja wa kumshika mkono na kuzungumza naye. Gharama ni ndogo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema ziletwe.

Mimba iliyobaki vipande, chini ya wiki 14, mama akiwa imara na hana dalili za maambukizi, inaweza pia kutibiwa kwa misoprostoli: mikrogramu 600 kwa kumeza, au 400 chini ya ulimi, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kukwangua kwa chuma, ambako bado kunaonekana katika baadhi ya hospitali, Shirika hilo halikupendekezi tena. Mwanafunzi akiona kinachofanyika wodini ni kile ambacho kitabu kinakikataa, anajifunza pia kwamba kwa wanawake hawa cha zamani kinatosha.

Na kuna la kuondoka. Yai linaweza kupevuka tena siku ya 8 hadi ya 11 baada ya mimba kutoka, kabla hata ya hedhi ya kwanza. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila kuzungumzishwa kuhusu njia ya uzazi wa mpango anaweza kurudi baada ya miezi miwili kwa shida ileile, na wodi itasema "si unaona, hawa hawasikii".

Dini, na mpaka wa kukataa

Si kweli kwamba dini inawapa wanafunzi jibu moja. Mwislamu wa Mombasa au Unguja akisoma fikihi anakuta mjadala mrefu kuhusu siku 120 na kupulizwa roho, na anakuta pia kwamba uhai wa mama ukiwa hatarini wanazuoni wanaruhusu. Mkatoliki anakuta kanisa linalopinga utoaji mimba waziwazi, na palepale anakuta wanateolojia wake waliotumia karne nyingi kufikiria tofauti kati ya tendo linalokusudiwa na matokeo yasiyokusudiwa. Wengi hawajafika huko. Walichonacho ni hisia waliyopewa wakiwa na miaka 12, na haki yao ni kupewa muda wa kuikagua, si kuambiwa waitupe.

Anayebaki na msimamo wa kutofanya, baada ya kuukagua, anaheshimiwa. Kukataa kwa sababu ya dhamira kunatambuliwa katika maadili ya taaluma, ila kuna mipaka, na mipaka hiyo ndiyo isiyofundishwa. Anaweza kukataa kuikatisha mimba yeye mwenyewe. Hawezi kukataa dharura: ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hawezi kumficha mgonjwa kwamba huduma ipo, wala kumtisha, wala kumwambia "rudi Jumatatu" akijua wiki zinasonga. Anatakiwa amwelekeze kwa jina la kituo na saa kinachofunguliwa, si kwa kusema "jaribu kwingine". Tena dhamira ni ya mtu mmoja mmoja. Mkuu wa zamu hana mamlaka ya kukataa kwa niaba ya zamu nzima.

Anayekataa waziwazi, mapema, si hatari kwa mgonjwa. Zamu inaweza kupangwa kumzunguka. Wa kuhofia ni yule asiyesema chochote, anayechelewesha kipimo, anayepoteza faili, anayeita ultrasaundi ya tatu. Wengi wa namna hiyo ni watu wema wasiojua kama wanaruhusiwa kukataa, wala wafanye nini wakikataa.

Kinachobadilisha, na kisichobadilisha

Hotuba haibadilishi mtu. Takwimu za vifo peke yake pia hazibadilishi. Mwanafunzi anaziandika kwenye mtihani na kuendelea kuamini alichoamini. Njia iliyojaribiwa zaidi ni warsha za kukagua maadili binafsi, ambazo Ipas, shirika la kimataifa la afya ya uzazi, lilizisambaza katika nchi nyingi. Zoezi moja linafaa kuelezwa kwa karibu kwa sababu ni rahisi kufanya na rahisi kuharibu.

Kila mtu anajaza karatasi yenye kauli chache, bila jina. Kwa mfano: "Msichana wa miaka 15 ahitaji ruhusa ya mzazi ili apate huduma." Karatasi zinakusanywa, zinachanganywa, zinagawiwa upya. Pembe nne za chumba zina mabango: nakubaliana kabisa, nakubaliana, sikubaliani, sikubaliani kabisa. Kila mtu anasimama kwenye pembe ya karatasi aliyopewa, si ya moyo wake, kisha kundi lina dakika chache za kuandaa hoja bora kabisa za kuitetea pembe hiyo. Mwenyekiti wa jumuiya ya maombi anajikuta akitetea haki ya msichana wa miaka 15, na mwanaharakati anatetea ruhusa ya mzazi. Anayeongoza akiwaacha watetee pembe zao halisi, zoezi limekufa. Linakuwa mdahalo wa shule, na wenye sauti kubwa wanashinda. Kosa jingine ni kulifanya mbele ya mhadhiri anayesahihisha mitihani yao.

Tathmini ya warsha za aina hii katika nchi 12, iliyochapishwa 2018, ilionyesha ujuzi, msimamo na nia ya kutoa huduma vikipanda mwisho wa warsha, hasa kwa walioanza chini. Neno "mwisho wa warsha" lisipitwe. Nia ya Ijumaa jioni si tendo la Jumatatu usiku.

Kinachoshikilia nia hadi Jumatatu, kwa maoni yetu, ni mikono. Mwanafunzi asiyejua kufanya jambo hulipinga kwa urahisi zaidi, maana kulipinga kunampa heshima ambayo kutojua hakumpi. Na kwa bahati nzuri kifaa cha kufundishia kufyonza mfuko wa uzazi kinauzwa sokoni. Papai dogo, refu kidogo, lenye rangi kati ya kijani na njano, lina umbo la karibu na mfuko wa uzazi wa wiki za mwanzo. Upande wa kikonyo ndio mlango wa kizazi. Mbegu na majimaji vinafyonzwa kama tishu.

Mwanafunzi anaanza na sirinji ya mililita 60: anafunga vali kwa kusukuma vitufe mbele hadi vilie, anavuta pistoni hadi mikono yake ifunguke na kukaa nje ya silinda. Anasubiri dakika mbili tatu, anafungua vitufe, asikilize hewa ikiingia kwa kishindo. Asiposikia, sirinji inavuja: mpira wa pistoni umekauka au haukupakwa mafuta ya silikoni. Kanyula, yaani mirija inayounganishwa na sirinji na kuingizwa mfukoni, zina upana wa milimita 4 hadi 12, na huchaguliwa kwa ukubwa wa mfuko wa uzazi siku hiyo, si kwa tarehe ya hedhi. Nyembamba mno huziba na kuacha vipande. Ncha haiguswi hata kwa glavu.

Makosa hujirudia kila darasa. Anayevuta kanyula hadi ikatoka nje hupoteza mvuto wote na kuanza upya. Anayebana mikono ya pistoni kwa vidole huku sirinji ikiwa bado imeunganishwa anaweza kurudisha kilichofyonzwa ndani ya mfuko. Anayesukuma kwa nguvu hutoboa papai lililoiva kupita kiasi, na sauti ile humfundisha kuhusu kutoboka kwa mfuko kuliko slaidi kumi. Kazi imekamilika kunapotoka povu la waridi lisilo na tishu, kanyula ikihisi ukuta wenye mkwaruzo, na mfuko ukibana. Kisha tishu huoshwa kwenye chujio na kukaguliwa kwenye mwanga. Hatua hii ndiyo wanayoruka zaidi, nayo ndiyo inayogundua mimba ya nje ya mfuko iliyodhaniwa imeharibika: hakuna tishu ya mimba kwenye chujio, basi itafutwe mahali pengine upesi.

Papai lina upungufu mmoja mkubwa. Halilii. Kwa hiyo wanaoendesha mazoezi vizuri huweka mwanafunzi wa pili kichwani mwa meza, awe mgonjwa. Anayefyonza anatakiwa amweleze kila anachokifanya kabla ya kukifanya, aulize maumivu ni kiasi gani kwa kumi, na asimame akiambiwa nane. Mapapai sita yanatosha wanafunzi 12 kwa asubuhi moja. Anayefanya kimya, akiangalia sirinji tu, anarudia, hata kama alitoa mbegu zote.

Na ukitaka kujua baada ya miezi sita kama darasa lile lilibadilisha kitu, acha hojaji kabatini. Chukua mafaili 30 ya waliotibiwa baada ya mimba kuharibika, angalia saa ya kufika na saa ya kufyonzwa, angalia kama dawa ya maumivu iliandikwa na kama ilitolewa, angalia njia ya uzazi wa mpango aliyoondoka nayo. Kisha linganisha zamu za mchana na za usiku, pale ambapo hakuna mhadhiri.